Kivoi, tajiri wa pembe aliyeshika njia ya Ukambani

JINA la Kivoi wa Mwendwa hutajwa zaidi kwa jambo moja: ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf mwaka wa 1849, wakati mgeni huyo alipouona Mlima Kenya akiwa Kitui. Vitabu vya shule humpa Kivoi sentensi moja au mbili, kisha humwacha njiani na kuandamana na Mzungu. Hata hivyo, Kivoi hakuishi ili awaonyeshe wageni milima. Alikuwa mfanyabiashara, tena mkubwa, na mlima huo alikuwa akiupita tu katika shughuli zake za kutafuta pembe za ndovu.

Ili kumwelewa, ni lazima kwanza kuielewa nchi yake. Kitui ni nchi ya mvua haba, na kadiri mtu anavyoelekea kaskazini, kupita Mwingi hadi Tseikuru, ndivyo ardhi inavyozidi kuwa kavu mpaka anapokaribia Mto Tana. Ng'ambo ya mto wako Watharaka na Wameru, na juu zaidi wako Wambeere na Waembu, ambao mashamba yao yalinyeshewa vizuri zaidi. Njaa ilipobisha hodi, Mkamba alibeba alichokuwa nacho, iwe mnyororo wa chuma, sumu ya mishale, dawa au ugoro, akaenda kubadilishana na chakula kwa majirani. Safari hizo za dhiki, zilizoitwa kuthuua, ndizo zilizomfunza njia, visima na lugha za watu. Aliyeanza kwa kutafuta nafaka akaishia kujua wapi pembe zinapatikana.

Kuelekea pwani mambo yalikuwa vivyo hivyo. Hapo kale Wagiriama ndio waliokuwa wakipeleka bidhaa za pwani bara na kurudi na pembe. Mapema katika karne ya 19 Wakamba waliwapiku. Walikuwa wawindaji hodari, na baadhi yao walihamia karibu na Rabai, hasa baada ya ukame wa miaka ya 1830, wakawa na ndugu zao katika ncha zote mbili za njia. Krapf mwenyewe aliandika kwamba misafara yao ilikuwa na watu 200 hadi 300, na kwamba wao ndio waliokuwa kiungo cha biashara baina ya pwani na bara.

Bidhaa zenyewe zilikuwa za thamani iliyotegemea umbali. Kutoka pwani zilikuja shanga, nyaya za shaba, chumvi na vitambaa, hasa kile cha pamba kilichofumwa Marekani ambacho hadi leo kinaitwa merikani. Kutoka bara zilikwenda pembe, zikapimwa kwa frasila, ambayo ni takriban kilo 16, zikauzwa Mombasa na Unguja, ambako Sultani Seyyid Said alikuwa amehamishia makao yake. Huko Ulaya na Marekani zilichongwa vitana, mipira ya biliadi na vibao vya piano. Mwanamke wa Embu aliyevaa shanga hakujua zilikotengenezwa, na bibi aliyepiga piano ng'ambo hakujua ndovu aliuawa wapi. Aliyejua ncha zote mbili kwa karibu ni mtu wa kati, na katika Kitui ya miaka ya 1840 mtu huyo mashuhuri kuliko wote alikuwa Kivoi.

Mara nyingi huitwa Chifu Kivoi, na hapo pana kosa dogo linalofaa kusahihishwa. Wakamba wa zama hizo hawakuwa na machifu. Mambo yao yaliamuliwa na baraza la wazee. Cheo cha chifu kililetwa na serikali ya kikoloni, miaka mingi baada ya Kivoi kufa. Ukubwa wake ulitokana na mambo mengine: mali, ulimi mwepesi, haiba, na sifa ya kuwa na uwezo wa uganga na wa kuleta mvua. Krapf aliyataja mambo hayo kuwa ndiyo yaliyompa Mkamba nguvu juu ya wenzake. Kivoi alikuwa na wafuasi wengi na watumwa pia, jambo ambalo masimulizi ya kumsifu hupenda kuliruka.

Mali hiyo haikulindwa kwa kufuli. Ililindwa kwa ujuzi. Kivoi alijua kisima gani hakikauki, mzee gani ng'ambo ya Tana ni wa kuaminika, na mwezi gani mto unavukika. Mnunuzi wa Mombasa aliyetaka pembe za Embu hakuwa na budi kumpitia yeye au mwenzake, na kila mkono ulioshika bidhaa uliongeza faida yake. Ndivyo ilivyo hata kwa vyombo vya kisasa. Mashine za kufyonza vumbi huko Ulaya na Marekani ziliuzwa kwa miaka mingi na mawakala maalumu waliojua kuzieleza na kuzitengeneza, mpaka maduka makubwa ya bei nafuu yalipozipanga rafuni pamoja na masufuria, na wakala akabaki na ujuzi usionunuliwa.

Krapf alifika kwa Kivoi mwishoni mwa Novemba 1849. Mwenyeji wake alimweleza kuhusu mlima mkubwa wenye weupe kileleni, ulioitwa na Wakamba jina ambalo Krapf aliliandika Kegnia, na ambalo baadaye liligeuka kuwa jina la nchi nzima. Tarehe 3 Desemba mawingu yalifunguka, naye akauona kwa macho yake. Wanajiografia wa Ulaya, akiwamo William Desborough Cooley wa London, waliikejeli habari ya theluji karibu na Ikweta. Kwa Kivoi hapakuwa na la kubishania, kwani alikuwa amefika kwenye nchi zilizouzunguka mlima huo.

Ni rahisi kuuliza kwa nini mtu mwerevu namna hiyo alimfungulia mgeni njia yake. Mfanyabiashara humpima mgeni kwa faida, na Mzungu aliyekaa Rabai, mwenye bunduki na marafiki pwani, angeweza kuwa mshirika wa maana. Kivoi hakuwa na sababu ya kumwona kama mshindani, maana Krapf hakuwa akinunua pembe. Alichokitafuta ni mahali pa kuhubiri, tena alitaka kujua iwapo Tana unaweza kupitika kwa vyombo. Lakini mwenye kuujua mto akauandika hauwi tena siri ya mtu mmoja.

Krapf alirudi mwaka wa 1851 akinuia kufungua kituo cha misheni Yatta. Mambo yalimwendea kombo, akaenda kwa Kivoi, nao wakafunga safari ya kuelekea Tana mwezi wa Agosti. Walipokaribia mto walishambuliwa na wanyang'anyi. Wengi katika msafara walitimua mbio. Kivoi aliuawa pamoja na watu waliokuwa karibu naye. Aliyekuwa amejenga jina kwa kuijua njia alianguka njiani, na kilichomwangusha ni hatari ile ile iliyofanya ujuzi wake uwe na bei.

Krapf alibaki peke yake porini. Kiu ilimzidi mpaka akaufikia Tana, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu alijaza maji katika mkoba wa darubini na katika mitutu ya bunduki yake, akaiziba kwa nyasi. Alijificha mchana na kutembea usiku. Alipowafikia jamaa za Kivoi, hakupokewa kwa pole. Walimlaumu kwamba hakumlinda rafiki yake, na maisha yake yakawa hatarini. Alitoroka usiku, na baada ya mashaka mengi akafika Rabai. Mwaka wa 1853 aliondoka Afrika Mashariki.

Biashara ya Wakamba haikufa siku moja na Kivoi. Iliendelea kwa miaka, lakini ndovu wa Ukambani walipungua, na kuanzia miaka ya 1860 misafara ya Waswahili na Waarabu, iliyokuwa na mitaji mikubwa na bunduki nyingi, ilizidi kuingia bara yenyewe bila kuwangoja Wakamba. Wakamba walifanywa na wengine kama wao walivyowafanya Wagiriama. Kisha ikaja kampuni ya Waingereza, iliyofungua kituo Machakos mwaka wa 1889, na baada yake reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi mwaka wa 1899.

Miaka hiyo hiyo njaa kuu ya Ngomanisye iliisaga Ukambani. Watu waliokuwa wamejua kuthuua kwa vizazi walikuta reli inabeba mizigo kwa gharama ambayo hakuna bega la mpagazi lingeweza kushindana nayo. Nyuma ya reli walifuata wenye maduka wa Kihindi. Allidina Visram, aliyekuwa ameanzia Bagamoyo akiwa kijana, alitandaza matawi yake hadi Uganda, na wengine wadogo kuliko yeye wakafungua vibanda vya mabati katika miji midogo ya bara. Merikani, shanga, chumvi na nyaya, bidhaa ambazo babu walizifuata kwa miguu hadi Rabai, sasa zilikuwa juu ya meza ya mbao. Mjukuu wa mpagazi wa Kivoi aliingia, akaonyesha kwa kidole kitambaa alichokitaka, akalipa kwa rupia.