Chester Himes na dharau ya wahakiki

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliwasilisha pendekezo la utafiti kuhusu riwaya za upelelezi za Chester Himes, Mmarekani mweusi. Kikao cha walimu kilimkatalia. Hoja ilikuwa moja tu: hizo ni riwaya pendwa, vitabu vya kupitishia wakati safarini, wala si fasihi ya kuhakikiwa. Nilikuwemo kikaoni, nikanyamaza. Ukimya ule ungali unanisuta.

Himes alizaliwa mwaka wa 1909 mjini Jefferson City, jimbo la Missouri, na wazazi waliokuwa walimu. Angali kijana, nduguye Joseph alipofushwa na mlipuko wa kemikali katika maonyesho ya shule. Chester angekuwa naye siku hiyo, lakini mama yao alikuwa amemzuia kwa utundu wake. Majeruhi alipokimbizwa hospitalini, alikataliwa matibabu kwa sababu ya rangi yake. Anayetafuta chanzo cha hasira iliyomo katika maandishi ya Himes na aanzie hapo.

Mwaka wa 1926 alijiunga na chuo kikuu cha Ohio State, akafukuzwa. Mwaka wa 1928, akiwa na umri wa miaka 19, alikamatwa kwa wizi wa kutumia silaha, akahukumiwa kifungo cha miaka 20 hadi 25 na kazi ngumu. Gerezani ndiko alikoanzia kuandika. Kufikia 1934 jarida la Esquire lilikuwa likichapisha hadithi zake, ilhali mwenyewe yu kifungoni. Aliachiliwa mwaka wa 1936.

Riwaya yake ya kwanza, ya 1945, inahusu ubaguzi katika kiwanda cha kuunda meli Los Angeles. Ya pili ilishambuliwa kutoka kila upande. Mwaka wa 1953 alihamia Ulaya. Huko Paris, mhariri Marcel Duhamel alimwomba aandike riwaya ya upelelezi, naye, maadam mfuko ulikuwa mtupu, akakubali. Kitabu hicho, kilichotoka 1957, kilimpatia mwaka uliofuata tuzo kuu ya Ufaransa ya riwaya za upelelezi. Kwao Marekani kilitolewa kwa jalada jepesi la bei rahisi.

Mimi ni mwanaisimu, na kinachonivutia kwanza ni usemi wa wahusika wake. Wapelelezi wake wawili weusi, Coffin Ed Johnson na Grave Digger Jones, hawasemi na wakubwa wao weupe jinsi wanavyosema na wakazi wa Harlem. Mamlaka yao yote yamo katika kujua lini pa kubadili sajili. Hilo peke yake lingetosha kuwa tasnifu.

Kisha kuna suala la msuko. Hudaiwa kwamba riwaya pendwa hufumbua fumbo daima na kurejesha utulivu. Katika Blind Man with a Pistol (1969), muuaji hapatikani. Wapelelezi tunawaacha wakiwapiga risasi panya wanaotoroka majengo yanayobomolewa, ilhali kipofu mmoja anafyatua bastola ovyo ndani ya treni.

Himes alifariki Moraira, Uhispania, mwaka wa 1984. Mwanafunzi wangu alibadilisha mada, akahitimu. Sijui ni wangapi katika kikao kile, hata kufikia leo, waliokwisha kukisoma kitabu hicho.