Louis Leakey, Mwana wa Kabete

Ukitoka hapa Loresho, Kabete si mbali. Huko ndiko alikozaliwa Louis Leakey tarehe 7 Agosti 1903, mtoto wa wamishonari Waingereza. Alikua na vijana wa Kikuyu, akakisema Kikuyu kama wao na hata kuingizwa katika rika lao.

Akiwa mvulana alisoma kitabu kuhusu watu wa kale na zana zao za mawe. Basi akaanza kuokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa kama chupa, ambavyo wenyeji waliviita nyembe za mizimu. Alimpelekea Arthur Loveridge wa makumbusho ya Nairobi. Loveridge alimhakikishia kuwa baadhi ni zana kweli, akamhimiza aweke rekodi ya kila anachookota.

Baada ya kusoma Cambridge, mwaka 1926 alirudi kuchimba sehemu za Nakuru na Elmenteita. Mwaka 1932 kikundi chake kilipata kipande cha taya huko Kanam, karibu na Ziwa Victoria. Akatangaza kuwa ni cha binadamu wa kale mno. Mwaka 1935 mtaalamu wa miamba aitwaye Boswell akaja kujionea. Lo! Vigingi vya chuma vilivyowekwa kama alama havikuwepo, na picha aliyokuwa ameionyesha ilikuwa ya mahali pengine. Leakey hakuweza kuonyesha taya lilitoka wapi hasa. Jina lake likaingia doa. Ama kweli, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwingine angekufa moyo, lakini yeye hakuacha kazi. Mwaka 1942, yeye na mkewe Mary walifika Olorgesailie, kwenye njia ya Magadi, wakakuta mashoka ya mawe yametapakaa. Hawakuyabeba yote. Mengi yaliachwa papo hapo, na hadi leo mgeni huyaona yalivyolala.

Mwaka 1959 walikuwa Olduvai, Tanganyika. Louis alikuwa mgonjwa kambini, na Mary ndiye aliyeliona fuvu lenye umri wa miaka kama milioni 1.75. Je, walikimbilia kulifukua? La! Walimngoja kwanza mpiga picha. Safari hii hakuna aliyeuliza fuvu lilitoka wapi.

Leakey aliaga dunia London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru.

Wanafunzi wenzangu, mitaani kwetu misingi ya nyumba inachimbwa kila siku. Ukiona jiwe lililochongwa au mfupa wa ajabu, usiutie mfukoni. Uache ulipo, andika mahali penyewe, kisha mwambie mwalimu. Sheria ya mwaka 2006 inataka Makumbusho ya Taifa yaarifiwe. Jiwe likishahamishwa bila rekodi, hata profesa hawezi kulirudishia habari zake.