Rembrandt na Daftari la Wadai

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Mali ya Rembrandt, mchoraji mashuhuri wa Kiholanzi, iliisha, lakini habari yake ipo, kwani daftari liliandikwa. Walioliandika hawakuwa jamaa zake. Ni makarani wa mji waliokuja kwa ajili ya wadai.

Alizaliwa Leiden mwaka 1606, babake akisaga nafaka. Akahamia Amsterdam, akapata jina, akamwoa Saskia mwaka 1634, na mwaka 1639 akanunua nyumba kubwa kwa gilda 13,000 ambazo zote hakuwa nazo. Zama hizo majahazi makubwa ya Kiholanzi yakirudi kutoka Bara Hindi na visiwa vya mbali, na wenye uwezo wa Ulaya walikuwa wakitenga chumba kizima cha tunu ili wageni watazame. Sisi twazijua zidaka za nyumba za Lamu na sahani zake za Kichina. Basi na tufikiri kidaka kilicho sawa na chumba. Rembrandt naye alitaka chake. Alikuwa mtu wa minada, na mnadani mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko mfuko.

Saskia alifariki mwaka 1642, akamwachia kitoto, Titus. Deni la nyumba likabaki, ununuzi usikome. Julai 1656 makarani walipita chumba kwa chumba wakaandika mafungu 363: vichwa vya wafalme wa Kirumi, silaha, kombe na mimea ya baharini, na vitabu vingi vilivyojaa michoro ya mabingwa.

Mimi moyo wangu hutua penye picha ndogo ndogo za Kihindi, za enzi za wafalme wa Mughal. Rembrandt alizinakili kwa mkono wake, na nakala 23 hivi zingalipo. Moja, iliyoko London, yaonyesha masheikh wanne wameketi chini ya mti na vikombe vyao. Mwaka ule ule wa kufilisika alichonga picha ya Nabii Ibrahim na wageni wake malaika, akawaketisha vivyo hivyo: chini, chakula kati yao, bila kiti wala meza, na nyuma yao Ismail mdogo na upinde wake. Sisi mitume hatuwachori, na katika kisa tulichosomeshwa chuoni wale wageni hawakukigusa chakula. Hata hivyo, Mholanzi huyu ambaye hakupata kutoka nchini kwao alijifunza ukaaji wa barazani kwa masheikh wa karatasi.

Nyumba na tunu ziliuzwa. Zile karatasi za miaka mingi zilileta kama gilda 600 tu. Alikufa mwaka 1669, akazikwa katika kaburi la kukodi.

Tangu mwaka 1911 nyumba ile ni makumbusho. Chumba cha tunu kimepangwa upya kwa kufuata daftari la makarani, ila kombe zilizo rafuni leo si zile alizonunua yeye.