Krapf wa Mombasa: Imani Hupimwa Siku ya Kazi

Katika madarasa yetu Dakta Johann Ludwig Krapf hutajwa kwa namna mbili. Mwalimu wa historia humtaja kuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849. Mwalimu mwingine, mwenye uchungu wa ukoloni, humtaja kuwa mtangulizi wa waliokuja kututawala. Kila mmoja ana sehemu ya haki. Hata hivyo, zote mbili humwacha Krapf barabarani, akipita. Hazimwonyeshi akiwa nyumbani, siku ya kawaida, akiishi na majirani zake katika kisiwa cha Mvita. Nami naona kwamba huko ndiko mtu wa dini anakopaswa kutafutwa. Safari hupimwa kwa maili. Imani hupimwa kwa siku ambazo hakuna anayetazama.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisomea umisionari mjini Basel, kisha akaingia katika Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, kilichomtuma Uhabeshi mwaka 1837. Huko alikaa miaka kadhaa bila ya kupata makao ya kudumu. Mwaka 1842 alimwoa Rosina Dietrich katika mji wa Alexandria. Walipokuwa safarini kujaribu tena kuingia Uhabeshi, mtoto wao wa kwanza alizaliwa nyikani kabla ya siku zake. Wakamwita Eneba, maana yake chozi; hakuishi.

Mlango wa Uhabeshi ulipofungwa, Krapf aligeukia pwani yetu. Alifika Unguja mwanzoni mwa mwaka 1844. Sultani Sayyid Said, Mwislamu aliyefahamu vyema kwamba mgeni wake amekuja kuhubiri dini nyingine, alimpokea kwa heshima na kumpa barua ya kuwataka maliwali wa pwani wamtendee wema. Hapana budi jambo hili likumbukwe. Mreno alipoanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, msalaba na mzinga vilipanda ukutani pamoja, na ghasia za mwaka 1631 zilionyesha chuki iliyoota kutokana na ndoa hiyo. Krapf aliingia Mombasa bila askari hata mmoja. Usalama wake aliupata kwa ukarimu wa Waislamu.

Alikaa kisiwani, miongoni mwa watu wa mtaa ambao sasa tunauita Mji wa Kale. Mwezi Juni 1844 alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Msaidizi wake katika kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin, kama Krapf alivyoliandika jina lake. Msomaji na alitafakari jambo hilo kwa utulivu: Biblia ilianza kusemeshwa Kiswahili kwa ulimi wa mwanachuoni wa Kiislamu. Mmoja alikuwa na kalamu na nia. Wa pili alikuwa na lugha. Kila mmoja alibaki katika dini yake, na kazi ikafanyika. Sura tatu za mwanzo zilichapwa Marekani mwaka 1847.

Kazi ilikuwa imeanza tu msiba ulipoingia. Homa iliikumba nyumba nzima. Rosina alijifungua binti mapema mwezi Julai, akafariki tarehe 13 ya mwezi huo huo. Mtoto naye akamfuata muda mfupi baadaye. Kwa wasia wake mwenyewe, Rosina alizikwa ng'ambo, bara, upande wa Nyali, ili kaburi lake liwe ukumbusho kwa wapitao. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hata kusimama kukamshinda.

Mtu wa namna hiyo angerudi kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Krapf aliandikia chama chake London kwamba kaburi lile liwe dalili ya kazi kuanza, kisha akarudi kwenye meza yake. Hapa ndipo ninapoiona imani yake kwa uwazi zaidi kuliko katika hotuba yoyote. Mjane aliyefiwa na wote alishika tena kalamu na kuwauliza majirani: kitu hiki mnakiitaje? Na hiki je? Aliuliza juu ya vyombo, vyakula, upepo, maradhi na mila. Kumwuliza jirani jina la kitu ni kukiri kwamba jirani anajua usilolijua. Ni unyenyekevu mdogo, lakini ni wa kila siku, na ule wa kila siku ndio mgumu.

Mwaka 1846 alijiwa na mwenzake, Johannes Rebmann. Mwezi Agosti wakaelekea Rabai, wote wawili wakiwa na homa, wakipokezana punda mmoja njiani. Huko walianzisha kituo chao. Mwaka 1848 Injili ya Luka katika lugha ya Warabai ilichapwa Bombay. Mwaka 1850 Krapf alitoa muhtasari wa sarufi ya Kiswahili. Waongofu, kwa upande wao, walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Wa kwanza alikuwa Mringe, kiwete wa Kimijikenda, aliyebatizwa akiwa katika ugonjwa wa mauti. Anayepima dini kwa wingi wa watu angesema kwamba miaka ile ilipotea bure.

Lakini tusimpake Krapf mafuta kupita kiasi. Maandishi yake yana maneno makali na ya dharau juu ya Uislamu, na mila za Wamijikenda aliziona kuwa giza tupu. Kiswahili kilikuwa na maandishi yake ya Kiarabu kwa karne kadhaa. Yeye alichagua herufi za Kirumi, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa hofu kwamba herufi za Kiarabu zingeufungulia Uislamu njia ya kwenda bara. Yaani mtu yule yule aliyekaa mkekani na kadhi kujifunza, aliogopa mwandiko wa kadhi huyo. Kadhalika taarifa zake za safari ziliwafungulia njia wengine ambao hawakuja na kalamu peke yake. Mwanafunzi akiyasoma hayo na kukasirika, asizuiwe. Imani ya mtu hupimwa pia kwa namna anavyomtaja jirani wakati jirani hayupo.

Afya ilimrudisha Krapf Ulaya mwaka 1853. Alirudi mara moja mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kazi yao Ribe, kisha akaendelea na maandishi yake huko Korntal, Ujerumani. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapwa London mwaka 1882; hakuiona ikiwa kitabu.

Kamusi hiyo ina historia ya ajabu. Krapf alikuwa amejenga juu ya Kimvita. Askofu Edward Steere alijenga juu ya Kiunguja, na mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe mwaka 1928 ukakichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Krapf akashindwa, kwa maana hiyo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo kamusi yake imekuwa ghala: anayetaka kujua Wamvita walisemaje katikati ya karne ya 19, kabla ya kusanifishwa kwa lugha, hana budi kubisha hodi kwa Krapf. Alikuja kutafuta nafsi za watu, akaacha amana ambayo Mwislamu na Mkristo wanairithi sawasawa.

Kwa wanafunzi wetu walio Wakristo, funzo ninaloliona halimo katika ushujaa wa safari. Limo katika swali hili: je, imani yako imekufanya uijue lugha ya jirani yako, yaani majina anayoviita vitu vyake, huzuni zake na mambo anayoyaheshimu? Au imekutosha kumhubiria kwa lugha yako? Krapf alilijibu swali hilo nusu kwa ushindi na nusu kwa kushindwa. Masikio yake yalimtii Mungu wake kuliko ulimi wake.

Na kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Somo la Krapf linapofundishwa, jina la Sheikh Ali bin Mueddin liandikwe ubaoni kando ya lake. Bila ya yule mgeni, maneno mengi ya Mvita yasingeandikwa. Bila ya yule kadhi na majirani wasiotajwa, mgeni asingekuwa na neno la kuandika.