Grogan na mayai ya samaki yaliyopita Mombasa yakiwa hai

MWAKA wa 1905, wavuvi wa Mji wa Kale, Mombasa, walishindana na jua kama ilivyo ada: samaki auzwe kabla hajaoza. Mwaka huohuo shehena ya ajabu ilipitia kisiwani humo. Yalikuwa mayai ya samaki aina ya trauti kutoka ziwa Loch Leven, Uskoti, na yalitakiwa kufika milimani yakiwa hai.

Aliyeyaagiza ni Ewart Scott Grogan, mlowezi aliyezaliwa London mnamo Desemba 12, 1874. Alikuwa amejipatia sifa kwa safari yake ya 1898 hadi 1900 kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu, ili akubaliwe kumwoa Gertrude. Mwaka wa 1904 alishuka Mombasa kuanza maisha mapya.

Mito ya milima ya Nyandarua ilikuwa na maji baridi yanayowafaa trauti. Kikwazo kilikuwa njia. Yai la samaki hupumua, na maji yapatapo joto hewa iliyomo hupungua. Isitoshe, joto huliharakisha yai likaanguliwa kabla ya kufika mtoni. Dawa pekee ilikuwa barafu na unyevu usiokatika.

Mombasa ndiyo iliyokuwa mtihani mkubwa. Kilindini haikuwa na gati la maji ya kina, hivyo meli zilitia nanga na mizigo ikateremshwa kwa matishari. Kila saa ya kungoja ilikuwa saa ya kuyeyuka kwa barafu. Grogan alilitambua pengo hilo la bandari, akamiliki ardhi ya ufuoni Mbaraki, ambayo baadaye ilinunuliwa na serikali. Magati ya kwanza ya kina ya Kilindini yalifunguliwa mwaka wa 1926.

Kutoka kisiwani mayai yalipanda garimoshi hadi Naivasha, kisha wapagazi wakayabeba kuvuka Nyandarua hadi mto Gura. Trauti wakastawi, wakaenea katika mito mingine.

Hata hivyo, mkono huo uliowahurumia samaki haukuwahurumia watu. Mnamo Machi 14, 1907, Grogan aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, akafungwa mwezi mmoja.

Gertrude alifariki mwaka wa 1943, na hospitali ya watoto jijini Nairobi ikabeba jina lake. Grogan mwenyewe alifariki Agosti 16, 1967, mjini Cape Town, akiwa na umri wa miaka 92.

Hadi leo, mvuvi wa mchezo anayetaka kumrudisha trauti mtoni akiwa hai hufuata kanuni ileile: maji baridi, mikono iliyoloa na haraka. Jina la Grogan limo vitabuni. Majina ya wapagazi walioyafikisha mayai yale Gura hayakuandikwa.