Apolo Kivebulaya, Mwalimu wa Mboga

Mtu wa Isansa akienda Tunduma hufika mpakani. Upande huu ni Tanzania, upande wa pili ni Zambia. Lakini Wanamwanga wako pande zote mbili, na mtu huvuka kwenda kumzika ndugu yake aliye ng'ambo. Mpaka huo ulikatwa na wageni, wala wenye nchi hawakuulizwa. Mbali sana upande wa kaskazini, penye milima ya Ruwenzori, palikuwa na mwalimu mmoja ambaye mpaka wa namna hiyo ulipita katikati ya kazi yake. Jina lake Apolo Kivebulaya. Wamoravian walipojenga Mbozi katika nchi ya Unyiha, mwaka wa 1899, yeye alikuwa amekwisha kupigwa na kufungwa minyororo kwa ajili ya Injili.

Alizaliwa Buganda, mahali paitwapo Kiganda, mwaka wa 1864 hivi. Alikuwa pacha, akaitwa Waswa, kama desturi ya Waganda kwa pacha wa kiume atanguliaye kuzaliwa. Alipokuwa kijana wazazi wake walimtia kwa mganga ajifunze uganga, lakini aliona hila za yule bwana, akamwacha. Kisha akaingia katika vita vya Waganda, akawafuata askari wa upande wa Waislamu, akavuta bangi, akaishi maisha ya kambini. Mwanzo wake, basi, haukuwa wa kujivunia. Mwaka wa 1891 alikwenda Toro pamoja na jeshi lililomrudisha Kasagama katika ufalme wake, na hapo ndipo alipoiona kwanza ile milima ambayo baadaye angeivuka mara nyingi.

Katika siku hizo maneno aliyoyasikia zamani kwa wamisionari yalikuwa yakimrudia moyoni. Akajifunza kusoma, akasoma Injili, na mwaka wa 1895 akabatizwa kwa jina la Apolo. Mkewe alikufa, naye hakuoa tena. Watu wakamwita Kivebulaya, maana yake kitokacho Ulaya, kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la askari pamoja na kanzu yake nyeupe. Ndilo jina lililomshika mpaka leo.

Mwaka ule ule alitumwa Toro kufundisha. Sasa, ng'ambo ya mto Semliki, kando ya msitu mkubwa wa Congo, palikuwa na nchi ndogo ya Mboga, na mtawala wake aliitwa Tabaro. Walimu wawili walikuwa wametangulia kwenda huko. Tabaro hakuwafukuza kwa mkuki. Aliwakataza watu wake wasiwauzie chakula. Wakarudi. Tusiwacheke, kwa maana njaa katika nchi ya ugeni ni adui mbaya kuliko simba. Ilipoulizwa ni nani atakayekwenda badala yao, Apolo akakubali. Mwaka wa 1896 akapanda milima, akashuka katika bonde la Semliki lenye joto kali, akavuka mto, akaingia Mboga.

Tabaro akamfanyia kama alivyowafanyia wale wa kwanza. Lakini Apolo alijua jembe. Akawalimia watu mashamba yao, nao wakampa chakula kwa siri, kidogo kidogo. Akafundisha herufi, akafundisha sala, na jioni watu wachache wakaanza kuja. Mafundisho yake juu ya ulevi na wingi wa wake yalimchukiza mtawala. Akapigwa, hata nyumba yake ikatiwa moto. Akajenga tena.

Ndipo likatokea jambo baya kuliko yote. Watu walikuwa wakileta majani ya kujengea kanisa, na miongoni mwao alikuwamo dada yake Tabaro. Ndani ya mzigo wa majani mlikuwa na mkuki uliofichika. Yule mwanamke akajikwaa, akauangukia ule mkuki, akafa. Hakuna aliyemwua, lakini kwa Tabaro palikuwa na mtu mmoja tu wa kulaumiwa. Tena huzuni yake ilikuwa ya kweli. Mtu aliyefiwa na dada yake hana masikio ya kusikia habari za ajali. Apolo akafungwa, akapelekwa Toro kwenye boma la Waingereza, akashitakiwa uuaji, akatiwa gerezani kwa minyororo. Ulikuwa mwaka wa 1898.

Gerezani moyo wake ulivunjika. Alikuwa amefanya aliyoagizwa, na mwisho wake ukawa kuhesabiwa kuwa mwuaji. Hakuona tena sababu ya kuendelea. Usiku mmoja, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Yesu Kristo akiwaka kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa Yeye yuko pamoja naye. Tangu usiku ule hakuogopa tena. Baadaye kesi yake ilichunguzwa, ikaonekana hana hatia, akafunguliwa.

Sasa hakuna mtu ambaye angemlaumu kama angekwenda zake Buganda, kwa watu wa kwao na migomba yao. Walikuwapo walimu wengine, na Toro kwenyewe kazi ilikuwa tele. Lakini Apolo alirudi Mboga, kwa watu wale wale, mbele ya mtu yule yule aliyemfunga. Tabaro alipomwona amekuja akastaajabu sana. Aliwajua watu wanaorudi kulipiza kisasi, na watu wanaokimbia wasirudi kamwe. Mtu anayerudi na kitabu mkononi, asidai fidia wala kuomba radhi ilhali hana kosa, huyo hakuwahi kumwona. Siku zikapita, naye mtawala akaja kuuliza habari za Mungu wa Apolo. Mwisho akabatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka wa 1900, na kasisi mwaka wa 1903. Miaka mingi alitumika Toro. Katika miaka hiyo Waingereza na Wabelgiji walipatana juu ya mpaka, na Mboga ikawa upande wa Congo. Yale makanisa madogo yakabaki bila mchungaji. Mwaka wa 1915 hivi Apolo, ambaye sasa alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, akaomba arudi huko akae. Hakuondoka tena isipokuwa kwa safari. Alijenga shule, akapanda miti, na wanafunzi aliowafundisha aliwatuma kufundisha wengine, kwani mwalimu mmoja hawezi kuufikia kila mji.

Msituni, upande wa magharibi wa Mboga, waliishi Wambuti, watu wafupi wa kimo, wawindaji hodari. Majirani wao wakulima waliwadharau sana, hata wengine hawakuwahesabu kuwa watu. Apolo alikuwa karibu na miaka sitini alipoanza kuwafuata, mwaka wa 1921. Kuwapata kulikuwa kazi, maana walihama-hama wakifuata windo, na njia za msitu huo hazionekani na mgeni. Alikaa nao katika vibanda vyao vya majani, akajifunza lugha yao, akafasiri Injili ya Marko kwa lugha hiyo. Mwaka wa 1922 alipewa cheo cha kanoni katika kanisa kuu la Namirembe, heshima kubwa. Akaipokea, kisha akarudi msituni.

Mwaka wa 1933 nguvu zikamwishia, akafa Mboga tarehe 30 Mei. Desturi ya Waganda ilikuwa maiti alazwe kichwa kikielekea mashariki, upande wa kwao. Apolo alikuwa ameagiza kwamba kichwa chake kielekee magharibi, uliko msitu, kwa sababu kazi yake huko ilikuwa haijaisha. Wakamzika hivyo.