Gerty Cori: Aliyefuatilia safari ya sukari mwilini

Ushawahi kukimbiza matatu hadi miguu ikagoma? Yanayoendelea kwa misuli yako wakati huo yalielezwa na Gerty Cori.

Alizaliwa Prague mwaka wa 1896. Alihitimu udaktari 1920, akaolewa na mwanafunzi mwenzake, Carl Cori, na 1922 wakahamia Marekani.

Swali lao lilikuwa moja: sukari ikishaingia mwilini, huenda wapi? Jibu walilitoa 1929. Misuli huweka akiba ya sukari, glaikojeni. Ukitimua mbio na oksijeni isitoshe, akiba hiyo huvunjwa na kuacha asidi ya laktiki. Lakini haitupwi! Damu huipeleka kwenye ini, nalo huigeuza kuwa glukosi tena, irudi kazini. Huo ndio mzunguko wa Cori.

Sasa, vyuo vilimtaka Carl peke yake. Kimoja kilimwambia Gerty anamzuia mumewe kuendelea. Walipofika St. Louis 1931, Carl alipewa idara nzima. Gerty akawa msaidizi wa utafiti, mshahara kiduchu, na utafiti ni ule ule.

Mwaka wa 1947 alifanywa profesa kamili, akawa pia mwanamke wa kwanza kushinda Nobel ya Tiba, pamoja na Carl na Bernardo Houssay wa Argentina. Mwaka huo huo akagunduliwa ugonjwa wa uboho. Hakuacha maabara hadi alipofariki 1957.

Kwa hivyo ukiambiwa ungoje cheo ndipo uanze, kumbuka: mzunguko wake ulitangulia uprofesa kwa miaka 18.